Herufi Tano Mezani: Mtoto Ameliona Neno, Je, Analijua?



Wazazi wenzetu, na nyinyi wanafunzi mnaosoma pamoja nasi, leo tunataka kuzungumzia jambo linaloonekana dogo. Ni ule mchezo wa herufi. Mtoto anapewa herufi chache, tuseme A, E, R, S na T, halafu anaambiwa: toa humo maneno yote ya Kiingereza unayoweza. Anaanza na "tea", chai, kwa sababu hilo analijua tangu madarasa ya mwanzo. Kisha "eat", kula. Kisha "rat", panya. Akitulia kidogo anaiona "star", nyota, na "east", mashariki, na "rest", kupumzika. Akiwa hodari atazitumia herufi zote tano kwa pamoja na kupata "stare", kumkodolea mtu macho, au "tears", machozi. Wengine huucheza kwa namna nyingine: wanapewa herufi mbili au tatu tu, na kazi ni kutafuta maneno yoyote, mafupi kwa marefu, ambayo ndani yake zimo herufi hizo.

Sisi mchezo huu tunaupenda, na tungependa uchezwe zaidi ya unavyochezwa sasa. Lakini jinsi unavyochezwa katika baadhi ya nyumba zetu, hauwafundishi watoto Kiingereza. Unawafundisha kuokota maneno wasiyoyajua na kuyarundika, na mwenye rundo kubwa ndiye anayepigiwa makofi. Hilo ndilo lililotufanya tuandike.

Tuseme kwanza kwa nini jambo hili si la kupuuzwa. Sisi watu wazima wa Buyenzi na Bwiza tumekulia katika Kirundi cha nchi, Kiswahili cha mtaa na Kifaransa cha shule, na juu yake Kiarabu cha madrasa. Kiingereza kwetu kilikuwa lugha ya redioni na ya wageni. Kwa watoto wetu mambo yamebadilika. Katikati ya miaka ya 2000 Kiingereza na Kiswahili viliingizwa katika shule za msingi. Mwaka 2007 nchi yetu ikajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo mkataba wake ulikiandika Kiingereza kuwa lugha rasmi. Mwaka 2014 sheria ikakifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi hapa hapa Burundi, pamoja na Kirundi na Kifaransa. Kijana anayetamani Chuo Kikuu cha Kiislamu kule Mbale, Uganda, kilichofunguliwa mwaka 1988, lazima awe na Kiingereza cha kusomea, si cha kuombea maji tu.

Na wazazi je? Wengi wetu hatuwezi kumsaidia mtoto kazi yake ya nyumbani ya Kiingereza. Tunauliza "umemaliza?", naye anajibu "ndiyo", mazungumzo yamekwisha. Basi mchezo wowote unaokileta Kiingereza mkekani, mbele ya baba na mama na bibi, ni neema, alimradi uchezwe ipasavyo.

Faida yake ya kwanza iko katika tahajia. Kiswahili na Kirundi vina huruma kwa mwanafunzi: kwa kiasi kikubwa unachokisikia ndicho unachokiandika. Kiingereza hakina huruma hiyo. Mtoto akisikia "nait" ataandika hivyo hivyo, na daftari litarudi na wino mwekundu. Mpe herufi G, H na T, mwambie atafute maneno ambayo herufi hizo zimefuatana. Ataleta "night", usiku, na "light", mwanga, na "eight", nane. Baadaye atafika kwa "daughter", binti, na "bought", alinunua, na "taught", alifundisha. Akishakusanya manane au kumi anaona kwa macho yake kwamba ile GH imekaa kimya tu hapo katikati kama mgeni asiyejua lugha. Hatalisahau, kwa sababu amelivumbua mwenyewe.

Ukitaka kumchokoza zaidi mpe O, U, G na H. Hapo hata mwalimu hukuna kichwa. "Though" inatamkwa kama "dho", na "through" kama "thru". "Cough", kikohozi, inaishia kwa sauti ya F. "Tough", -gumu, nayo inaishia kwa F lakini irabu yake ni nyingine. Na "plough" ni ile ile plau ya kulimia ambayo Kiswahili kiliichukua. Herufi nne zilezile, sauti tano. Mtoto anayeshangaa hivi huku akicheka amejifunza zaidi kuliko anayekariri orodha ubaoni.

Kwetu Bujumbura kuna na mambo yetu wenyewe. Watoto wamefundishwa majina ya herufi kwa Kifaransa. Sasa kaka mkubwa, aliyekwisha kuonja Kiingereza, anamsomea mdogo wake herufi: anasema "i" akikusudia E, mdogo anaandika I. Anasema "ji" akikusudia G, mdogo anaandika J. Dakika tano baadaye ni ugomvi mtupu, kila mmoja anaapa kwamba mwenzake ni mwongo, na wote wawili wana haki! Ushauri wetu hapa ni mfupi: herufi zionyeshwe, zisitamkwe.

Kisha kuna ndugu wawili wanaotusumbua, L na R. Kirundi hakina L katika maneno yake ya asili, na hata sisi tunaojiita Waswahili wa Buyenzi hatuko salama. Nani hajasikia mtu akisema "mahali" akikusudia "mahari", au akaalikwa kwenye "kalamu" badala ya karamu? Katika Kiswahili tunacheka na kuelewana. Katika Kiingereza kosa hilo linabadilisha maneno mengi ya kila siku. Herufi L, I, G, H, T zinakupa mwanga. Ondoa L, weka R, ni kulia au sahihi. "Rice" ni wali. Weka L mahali pa R, ni chawa. Na lililo karibu zaidi na sisi: "pray" ni kusali, "play" ni kucheza. Mtoto wa Kiislamu anayeandika katika mtihani kwamba yeye na baba yake hucheza msikitini mara tano kwa siku hana nia mbaya, maskini. Ni herufi moja tu. Mpe P, A, Y pamoja na L na R, mwache ayatoe maneno yote mawili, ayaweke kando kwa kando na ayatamke kwa sauti mpaka ulimi ukubali.

Jirani yetu mwingine ni Kifaransa. Maneno mengi ya Kifaransa na Kiingereza yanafanana kwa herufi, na hilo ni msaada mkubwa: mtoto aliyezoea "table" na "nation" shuleni ameyapata bure. Lakini P, A, I, N? Kila mtoto wa mji huu ametumwa butiki asubuhi kununua "pain", mkate. Anaiona haraka, anaiandika kwa furaha, na neno hilo kweli limo katika Kiingereza. Ila katika Kiingereza ni maumivu! Vivyo hivyo "four": kwa Kifaransa ni tanuri, kwa Kiingereza ni nne. "Coin" ni pembe huku na sarafu kule. Kwa Kifaransa "sale" ni -chafu, kwa Kiingereza ni mauzo. Mtoto ameandika herufi sahihi kwa mpangilio sahihi, amepewa alama, na kichwani mwake kuna mkate mahali pa maumivu. Mchezo ukiishia kwenye kuhesabu maneno, kosa hilo haligunduliki kamwe.

Hapa tungependa kuwakumbusha vijana wetu jambo ambalo huenda hawakuambiwa shuleni. Kazi hii ya kuzichukua herufi na kuzipangua kila namna si ugeni wa Wazungu. Katika karne ya pili ya Hijria aliishi Al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, mtu wa asili ya Oman aliyefanya kazi yake Basra. Yeye ndiye aliyeasisi kamusi ya kwanza ya Kiarabu, Kitab al-Ayn, na aliipanga kwa njia ya ajabu. Alichukua herufi za asili za neno, akazigeuza kila mpangilio unaowezekana, na mipangilio yote akaiweka mlango mmoja. Herufi mbili hugeuka mara 2, tatu mara 6, nne mara 24, tano mara 120. Kisha akauliza juu ya kila mpangilio: je, Waarabu wanautumia? Uliotumika uliitwa mustaamal, yaani wenye kutumiwa, na maana yake ikaelezwa. Usiotumika uliitwa muhmal, ulioachwa.

Chukueni herufi tatu: ayn, lam, mim. Zikiwa kwa mpangilio huo ni ilm, ambayo sisi tunaiita elimu. Geuza mbili za mwisho: ayn, mim, lam. Ni amal, yaani amali, matendo. Elimu na amali, ambavyo masheikh wetu hawachoki kuvitaja pamoja, ni herufi zilezile tatu! Tunapowaeleza hilo vijana wa madrasa, huchukua kalamu wao wenyewe na kuanza kupangua nyingine.

Angalieni lakini Al-Khalil alifanya nini. Hakuridhika na kuhesabu mipangilio. Kuihesabu ni hesabu tu, na ukizichukua herufi 28 za Kiarabu bila kurudia herufi, mipangilio ya herufi tatu peke yake inafika 19,656. Kazi yake kubwa ilikuwa ile iliyofuata: hili wanalisema, hili hawalisemi, na wanaolisema wanakusudia nini.

Sasa turudi mkekani kwetu, kwenye simu. Siku hizi zipo programu ambazo unaziandikia herufi nao unapewa orodha nzima ya maneno kabla hujapepesa macho. Vijana wengine wanadhani ndani yake mna akili kubwa. Ufundi wa msingi ni rahisi, hata mtoto wa darasa la sita anaweza kuufuata. Programu ina orodha ya maneno, na kila neno imelipangia herufi zake kwa utaratibu wa alfabeti. "Stare" inakuwa AERST. "Tears" nayo inakuwa AERST. "Rates", viwango, vilevile AERST. Ukiandika herufi zako, inazipanga hivyo hivyo na kuchungulia ni maneno gani yana ufunguo huo, kisha inajaribu mafungu madogo zaidi. Basi. Haijui nyota wala machozi ni nini.

Na kwa kuwa haijui, inaleta kila kitu. Orodha za maneno wanazotumia wachezaji wa mashindano zina "aa", aina ya lava ya volkano, na "qi", na hata "za"! Ndiyo, "za", kifupi cha mitaani cha pizza huko Marekani. Mtoto wetu anaandika "za" kwa ushindi kana kwamba amesema jambo, wakati "za" anayoijua yeye ni ile ya "habari za asubuhi". Neno kama hilo litamsaidia nini katika mtihani, au akifika Kampala akitafuta chumba cha kupanga?

Atakayedhani tunatia chumvi amtazame Nigel Richards. Huyu ni mtu wa New Zealand, bingwa wa dunia wa Scrabble ya Kiingereza mara kadhaa, ule mchezo wa herufi za vibao. Mwaka 2015 alikwenda Ubelgiji akashinda ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa, na Kifaransa hakijui. Alikuwa amehifadhi orodha ya maneno kwa muda wa wiki chache tu. Mwaka 2024 akafanya hivyo hivyo kwa Kihispania, kule Granada. Sisi tunamvulia kofia. Kumbukumbu ya namna ile ni kipaji. Lakini fikirini: bingwa wa dunia wa maneno ya Kifaransa ukimtuma butiki ya Buyenzi kuomba mkate kwa lugha hiyo, mtoto wetu wa miaka saba atamshinda. Richards anachotaka ni ubingwa, na ameupata. Watoto wetu wanataka lugha.

Atasema mtu: mbona watoto wetu wanahifadhi Qur'an kabla ya kuijua maana yake, na nyinyi mnafurahi? Ni swali zuri, na tumeulizwa. Kusoma Qur'an ni ibada yenyewe, na herufi zake zina ujira wake. "Za" ya pizza haina ujira wowote. Na hata katika Qur'an, mwalimu mwema hamwachi kijana kwenye matamshi. Akikua anampeleka kwenye tafsiri.

Basi tunapendekeza nini? Sharti moja tu liongezwe katika mchezo. Neno halipati alama mpaka aliyeliandika aseme maana yake kwa Kiswahili au kwa Kirundi, na alitumie katika sentensi inayohusu mambo ya hapa nyumbani au hapa mjini. Na hakimu awe mtu asiyejua Kiingereza.

Najua, wengine mtacheka hapo. Hakimu wa Kiingereza asiyejua Kiingereza! Lakini sisi tunaona huyo ndiye anayefaa. Baba anayejua kidogo ataona "seat" akasema vizuri, endelea. Bibi hataendelea. Bibi atauliza, hicho ni kitu gani? Ni kiti? Kiti cha nini? Mbona jana ulisema kiti ni "chair"? Hapo mtoto atalazimika kueleza kwamba "chair" ni kiti chenyewe, na "seat" ni mahali pa kukaa, kama pale dereva wa basi anaposema imebaki nafasi moja. Amejifunza tofauti ambayo hakuna orodha iliyomwambia, na bibi naye amepata neno. Mtoto akibahatisha, bibi atajua, kwani amelea watoto wangapi wa kubahatisha? Na asipojua yeye, watajua wapinzani, maana kila mmoja anatetea alama zake. Ubishi ukizidi, ndipo kamusi ifunguliwe. Ile ya Kiingereza na Kiswahili ya TUKI, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyotoka mwaka 1996, inatosha kabisa. Simu nayo tusiifukuze, iwe kamusi baada ya mchezo.

Wapo wenzetu waliopinga. Wanasema watoto watachoka, mchezo utakuwa darasa jingine, na maneno yatapungua. Kwamba yatapungua ni kweli. Mtoto aliyezoea kuandika arubaini atabaki na kumi na mbili. Kuhusu kuchoka, jibu letu ni kwamba sentensi ndizo zinazochekesha. Mwacheni mtoto amtie kaka yake na panya katika sentensi moja, muone kama kuna atakayesinzia.

Gharama hakuna. Seti ya dukani si lazima. Kateni kartoni ya sabuni vipande mia moja, au andikeni juu ya vifuniko vya Fanta. Jambo la kuzingatia ni idadi ya kila herufi. Alfred Butts, msanifu majengo wa Marekani aliyekosa kazi katika mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930, ndiye aliyebuni mchezo ambao tangu mwaka 1948 unaitwa Scrabble, na alizihesabu herufi magazetini ili ajue zipi zinatumika sana. Ndiyo maana katika vibao 100 vya Kiingereza E ni 12, A ni 9 na I ni 9, ilhali J, K, Q, X na Z ni kimoja kimoja. K moja tu! Kwa Kiswahili ungekwama kabla ya kusema "kaka". Wenye hamu watengeneze na seti ya Kiswahili na ya Kirundi pia, wazazi wapate mahali pa kulipiza kisasi.

Mengine mnayajua. Pesa isiwekwe, maana hapo mchezo umekuwa kamari. Adhana ikitoka, herufi zibaki zilipo. Wakati mzuri ni ule umeme unapokatika jioni, taa moja katikati na kila mtu amekaa karibu.

Kwa leo tunawaachia A, E, H, R na T. Yamo maneno zaidi ya kumi ya kawaida kabisa. Mawili kati yake yanazitumia herufi zote tano, na kila mwanafunzi anayajua. Sokwe! Mkijibu "niruze" tutawaambia: moja unalo kifuani, jingine unalikanyaga. Bibi aulize maana.